Simu ya Saa Kumi

Jamani, kuna kazi na kazi. Ya huyu mtafsiri ilikuwa kuwapa watu midomo isiyo yao. Filamu ikiletwa kutoka nje, yeye huyageuza maneno yake kuwa Kifaransa, akatafuta watu wa kuyasema, akayapachika juu ya midomo ya waigizaji mpaka ungeapa kwamba hicho Kifaransa wamezaliwa nacho. Zamu hii aliletewa filamu ya siasa, ya kupandisha presha kwelikweli: serikali inasikiliza simu za raia wake, na mtu mmoja amejifungia chumbani na hedifoni, anaandika kila neno. Ilikuwa itolewe kwenye diski, watu wakaitazame majumbani kwao, na kiwanda cha diski kiliitaka kesho asubuhi bila kukosa.

Kazi za diski hazina waigizaji wengi. Walikuwa watatu tu, wakigawana watu ishirini na wawili. Aliyebeba mzigo mkubwa ni mzee mmoja mstaafu waliyembatiza Mzee Koo, maana koo lake lilikuwa na mtaa mzima ndani. Ukimtaka askari, unampata. Ukimtaka waziri mwenye mafua, huyo hapo. Kazi aliyostaafu hakuna aliyeijua. Ukimuuliza alijibu "ofisini," halafu akaomba chai.

Yeye ndiye aliyemwigiza msikilizaji, na kila mara alikuwa anamsahihisha mwandishi wa filamu.

"Binti," alimwambia mtafsiri, "huyu hawezi kukohoa hapa. Ukiwa kwenye laini ya mtu hukohoi, unameza."

"Mzee naye kwa kujua!" wenzake wakacheka.

Mtafsiri hakucheka sana. Filamu ile ilikuwa inamtonesha kidonda. Alipokuwa na miaka saba, watu wa serikali walikuja kumchukua baba yake, na baba hakurudi. Walizoa kila kitu, barua, picha, hata kanda ya siku yake ya kuzaliwa ambayo baba alikuwa anaimba huku akipotea njia kila baada ya mstari. Picha moja shangazi aliwahi kuificha. Sauti hakuna aliyeificha. Na yeye sasa, anayekula kwa sauti za watu, fundi wa kumtambua mtu kwa kupumua tu, ya baba yake hakuikumbuka hata chembe. Hilo lilimuuma kuliko kaburi ambalo hawakuonyeshwa.

Baada ya chakula cha mchana wakafika mahali ambapo baba wa kwenye filamu anapiga simu nyumbani na mtoto wake anapokea. Baba huyo naye alikuwa wa Mzee Koo. Watu hawakutosha, ikabidi anayesikiliza na anayesikilizwa watoke kwenye koo moja. Taa nyekundu ikawaka. Mzee akafumba macho, maana maneno yote alikuwa nayo kichwani, akaanza Kifaransa vizuri kabisa. Kisha akateleza, akaangukia Kiswahili.

"Kijiko," alisema, "mpe mama simu."

Wenzake wakaangua kicheko. Kijiko tena! Mzee hajashiba! Lakini nyuma ya kioo mtafsiri alikuwa ameganda, mkono hewani. Kijiko alikuwa yeye. Baba alimpa jina hilo kwa sababu alikataa kulishwa, alitaka kijiko akishike mwenyewe. Mama yake alilichukia, na nje ya nyumba yao hakuna aliyelijua. Kila siku saa kumi jioni baba alipiga simu kutoka kazini, na mtoto ndiye aliyekimbilia kupokea. Miaka thelathini na moja hakuwa amelisikia.

"Nendeni mkanywe chai," aliwaambia wenzake, kwa utulivu uliowafanya waondoke bila kuuliza.

Akaingia chumba cha maikrofoni, akafunga mlango.

"Mzee, ofisi yako ilikuwa ipi?"

Mzee akamtazama, akatazama hedifoni mikononi mwake. Alijua ameshajiumbua.

"Ni wewe?" akauliza. "Kijiko ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lo, Mungu wangu." Akatafuta kiti, akakaa. "Nilikuwa na laini kumi na nne. Ya kwenu ndiyo niliyokuwa naingojea kila siku. Sasa siku moja baba yako akamwambia mama yako, wageni wamefika salama. Nikaandika. Niliandika kila kitu, mwanangu, hata habari za homa yako. Sikujua hao wageni ni akina nani, wala kwamba serikali inawasaka. Kesho yake saa kumi nikavaa hedifoni, nikasubiri. Simu haikupigwa. Halafu nikasikia mtu wa kwenu anainua mkono wa simu, anasema 'baba?' anaweka. Anainua tena. Mara tisa. Mwezi ule nikaacha kazi."

"Nilikuwa mimi."

"Najua."

Tuseme ukweli, alitamani kumzaba kofi. Alitamani kumfuta kwenye filamu nzima, kiwanda kisubiri mpaka kichoke. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyapangusa. Kumsamehe hakumsamehe, siku ile wala mwezi ule.

"Ulivyosema sasa hivi," aliuliza, "ndivyo alivyokuwa anasema?"

"Ndivyo hasa. Nilimsikia miaka mitatu. Huwa simwiti, anakuja mwenyewe."

Mtafsiri akarudi nyuma ya kioo. Akavaa hedifoni zake, akawasha taa nyekundu.

"Sema tena."

Mzee alifumba macho. Kwanza kikaja kicheko kidogo puani, kicheko ambacho mtafsiri alikuwa amekisahau kabisa, na mwili wake ukakitambua kabla yake.

"Kijiko, mpe mama simu."

Alibonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha pili.

"Mama hayupo, baba. Ongea na mimi."

Mzee akameza.

"Haya, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula," alisema. "Nimekula mwenyewe."