Mama Udongo na Kiti cha Kamati

Kikao kiliitishwa mara tatu. Mara ya kwanza walikuja watu tisa, mara ya pili kumi na mmoja, na safari hii karani wa kitivo alipita mlango kwa mlango akiwatoa wahadhiri maofisini kama anayetoa kuku bandani. Mama Udongo alitoka na kikombe chake cha chai mkononi. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa alifundisha sayansi ya udongo mwaka wa ishirini na moja sasa, na kucha zake hazijapata kutakata.

Ajenda ilikuwa moja: kumchagua mjumbe wa kitivo katika kamati ya ajira na vyeo, ile inayoamua nani apewe ajira ya kudumu, nani apande cheo na nani arudi akajipange upya. Muda wake miaka mitatu, majalada mazito kama matofali, shukrani hakuna. Aliyekitaka kiti hicho alikuwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyewatia watu wasiwasi. Walimwita Bwana Vifungu. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kwake jalada lililokosa saini moja lilikuwa sawa na jalada tupu, na mwaka uliopita, akiongoza jopo la mchujo, alilirudisha jalada la mwalimu wa nyuki kwa kosa hilo.

"Kuna jina jingine?" mkuu wa kitivo aliuliza.

Mtu alikohoa. Kisha mwalimu wa mimea, mzee aliyebakiza miezi minane kustaafu, aliinuka taratibu akiegemea meza. "Nampendekeza Mama Udongo."

"Jamani, mimi simo," Mama Udongo alisema. "Jalada langu mwenyewe liko kwenye foleni. Mjumbe haruhusiwi kuomba cheo mpaka amalize muda wake."

"Kifungu cha kumi na nne," Bwana Vifungu alimsaidia, kwa upole kabisa.

Mkuu wa kitivo alitazama saa. Akampa mama hadi Jumatatu asubuhi aandike kama anakubali au anakataa, uchaguzi ufanyike mchana wake.

Jioni hiyo alimkuta mumewe, fundi umeme, amefungua pasi mbovu juu ya meza ya kulia. Alimsimulia huku akivua viatu.

"Cheo hicho umekisubiri miaka tisa," mume alisema. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mke wangu. Wanaokusukuma si wao watakaobeba. Kataa."

"Nimeshakataa."

"Mbona umekaa kama mtu aliyekubali?"

Alikuwa akiisugua miguu yake iliyovimba.

"Nilikuwemo kwenye lile jopo la mwaka jana," alisema. "Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nimetoka kufundisha vipindi vinne. Ile saini waliyosema haipo, ilikuwapo. Nyuma ya ukurasa. Niliiona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo tutakaa hapa saa nzima nyingine. Nikanyamaza."

Mume aliweka bisibisi chini. "Hilo hujawahi kuniambia."

"Sijamwambia mtu."

Kesho yake mchana mwalimu wa nyuki aligonga mlango wa ofisi yake. Alikuwa kijana mrefu, mwenye alama za kuumwa zisizokauka mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuletea ufunguo wa tanuri la kukaushia sampuli. Mkataba wangu unaisha Desemba. Nimeona nianze mapema kurudisha vitu vya watu."

Aliuweka ufunguo mezani. Mama Udongo aliutazama, kisha akamtazama yeye.

"Ile saini yako ilikuwapo," alisema.

"Naijua ilipokuwa. Niliiweka mwenyewe."

"Na mimi niliiona. Siku ileile, palepale mezani. Sikusema kitu."

Mama alisubiri hasira, tena aliitaka, maana ingemrahisishia mambo.

"Kwa nini, mama?"

"Nilichoka."

Kijana alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua. "Mimi nilianza kuandika rufaa," alisema. "Nilifika ukurasa wa tatu. Nikachoka."

Akaaga, akaondoka. Mama Udongo alikaa na karatasi ya kukubali au kukataa mbele yake mpaka chai ikaota utando juu. Kisha akaandika kwamba amekubali, akaipeleka kwa karani mwenyewe kabla moyo haujamgeuka.

Jumatatu zilipigwa kura thelathini na moja. Karani alizifungua moja moja, akichora vistari ubaoni kwa chaki. Bwana Vifungu kumi na nne. Mama Udongo kumi na sita. Iliyobaki, karani aliigeuza huku na huku, akamnong'oneza mkuu wa kitivo.

"Isome tu," mkuu alisema.

"Imeharibika. Hakuna alama. Imeandikwa 'nimechoka'."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, na kwa mara ya kwanza katika vikao vyote vinne watu walitazamana usoni. Hata Bwana Vifungu alivua miwani akafuta macho. Watu walipoanza kutawanyika alikuja kumpa mama mkono.

"Hongera. Mimi jalada langu lilirudishwa mara mbili kwa ajili ya saini, enzi zangu," alisema. "Nikadhani ndivyo kazi hii inavyofanywa."

Mama alimshika mkono kwa mikono miwili.

Baadaye alishuka kwa karani kulitoa jalada lake. "Mama, una hakika?" karani aliuliza. "Ukilitoa leo, siku ukirudi unaanza moja. Hata hizi barua za maprofesa wa nje zitakuwa zimechacha."

"Lete tu, mwanangu."

Alitia saini mahali palipotakiwa, akalibeba hadi ofisini, akalisukumia kabatini kati ya mifuko ya udongo. Mlango wa kabati ulikataa kufunga. Akauacha wazi.

Baada ya wiki sita kamati ilikaa, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Majalada yalikuwa kumi na tisa. La mwalimu wa nyuki, ambalo Mama Udongo aliomba lirejeshwe mezani, lilikuwa la kumi na moja, na walipolifikia, wajumbe wawili walishaanza kusinzia.

"Hili lilirudishwa mwaka jana kwa kukosa saini," mwenyekiti alisema. "Nashauri lirudi kwenye mchujo."

"Saini ipo," Mama Udongo alisema. "Ukurasa wa arobaini na mbili, nyuma. Na mwaka jana ilikuwapo. Nilikuwa kwenye jopo, niliiona, nikanyamaza. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu."

Waliosinzia waliamka. Katibu aliinua kalamu. "Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Walibishana dakika arobaini, si juu ya nyuki bali juu ya jopo. Mwisho jalada lilipita kwa kura saba dhidi ya mbili, na mwenyekiti akasema mama atatakiwa kutoa maelezo ya maandishi kuhusu kunyamaza kwake. Mama akasema sawa. Mgongo ulikuwa ukimuuma, na majalada manane yalikuwa bado mezani.

Barua ya ajira ya kudumu ilitoka baada ya siku kumi na mbili. Mwalimu wa nyuki alikuja nayo mkononi, akasimama mlangoni.

"Nimesikia ulichosema kwenye kamati," alisema. "Sijui nikushukuru au nikukasirikie."

"Vyote ni haki yako. Ila leo uvifanye kwa kifupi, mwanangu. Nina maelezo ya kuandika, na mtihani wa kusahihisha."

Kijana alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha aliondoa mfuko wa sampuli kwenye kiti cha wageni, akakaa.