Kibua cha Chiyaka

Siku ya nne baada ya kutobolewa, mdomo wa juu wa Chiyaka ulivimba ukakaribia kugusa pua, na mama yake, Nantova, akajua hapo pana mkono wa mtu.

Hakutafuta mbali. Aliyemtoboa binti mdomo ni Bibi Nahimba, kwa mwiba, mbele ya mama zake wadogo wote. Alitoboa tundu moja katikati, akapitisha kibua cha nyasi chembamba kama sindano ili lisizibe. Tangu hapo kila asubuhi alikuja kuliosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapaka mafuta ya nyonyo, akakizungusha kibua polepole. Kijijini hapo hapakuwa na mwanamke mwenye ndonya, kile kigingi cha urembo cha mdomo wa juu, ambaye hakupita mikononi mwake, Nantova mwenyewe akiwemo. Lakini mwaka uliopita kaka yake Nantova alimwacha mjukuu wa bibi huyo, na binti huyo akarudi kwao na mtungi wake kichwani. Bibi Nahimba hakusema neno. Kimya hicho ndicho kilichomtia Nantova wasiwasi.

Asubuhi hiyo alimsimamia bibi kichwani.

"Bibi, hayo mafuta umeyakamua lini?"

"Juzi."

"Nyonyo za shamba gani?"

"Za shambani kwangu. Kwani kuna nini?"

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga."

Bibi Nahimba alidondosha mafuta kidoleni, akayalamba. "Haya. Nikifa, kanizike wewe."

Nantova aliona haya, akainamisha macho, na macho yakatua kwenye kibua. Kilikuwa kimenenepa mara mbili ya jana.

Alisubiri mchana, bondeni kwenye maji, wanawake walipokuwa wamepanga mitungi wakingoja kisima kijae tena.

"Siku hizi," alisema kwa sauti, "kuna watu wanalipiza visasi vya wajukuu wao kwenye midomo ya watoto wa wenzao."

Bibi Nahimba alikuwa amekaa juu ya jiwe, anapumzisha magoti. "Mama Chiyaka, mtaje mtu kwa jina."

"Nahimba."

Hivyo tu, kavu, bila "bibi". Wanawake wakaguna.

Bibi kizee hakusimama. "Basi na mimi niseme langu. Siku ya pili leo nakikuta kibua nisichokiweka mimi. Nikanyamaza. Nilidhani ni wewe unakibadilisha, mdomo uoze, halafu uniite mchawi, ili kaka yako aonekane alifanya vyema kumwacha mjukuu wangu."

"Mimi? Nimwozeshe mwanangu?"

"Na mimi nimwozeshe niliyemtoboa kwa mkono wangu? Kesho nitaweka kibua kingine, nikitie alama tatu za ukucha. Kisha sikanyagi tena kwako. Ulinde mwenyewe."

Kesho yake akafanya alivyosema, akaondoka. Nantova akaketi mlangoni kumenya mihogo, kisu mkononi, macho njiani. Jirani alikuja kuomba moto, akaupokelea nje. Mama mdogo mmoja alileta uji, Nantova akauonja kwanza yeye. Jua likapanda, hakuna aliyemsogelea binti.

Kisha akasikia kicheko cha Namosha, binamu yake Chiyaka, kikitoka nyumba ya pili. Mara Chiyaka akanyanyuka, akazunguka nyuma ya ghala. Nantova akaweka kisu chini, akanyata.

Alimkuta binti amechuchumaa, anajitazama kwenye bakuli la maji. Machozi yanamtiririka, naye anasukuma mdomoni kipande cha bua la mtama kilichomenywa. Kibua chenye alama tatu kilikuwa chini, kwenye vumbi.

"Chiyaka! Nani kakufundisha haya?"

"Hakuna ntu, nana." Midomo haikuweza kukutana, kila m ikawa n. "Tundu la Nanosha linaingia kidole. Anasena nafanana na kuku aliyekwanwa na nfupa."

Nantova aliinua mkono ampige. Akauona ule uso ulivyovimba, akaushusha. Akaketi chini hapo hapo, na jina alilolitamka bondeni likamrudia masikioni.

Alikamata kuku, akaenda kwa Bibi Nahimba. Bibi hakumkaribisha ndani.

"Kuku wako sina ugomvi naye. Jina langu umelivua nguo kisimani. Ukalivike huko huko."

Siku iliyofuata Nantova alishuka bondeni, akangoja wanawake wajae. "Nilimsingizia Bibi Nahimba," alisema. "Ni mwanangu mwenyewe, na haraka zake."

"Paza sauti, dada!" akadakia mmoja. "Sisi wa nyuma hatujasikia!"

Akarudia. Wakacheka, wengine kwa huruma, wengine kwa raha zao. Alipanda mlima na mtungi kichwani.

Alasiri bibi alikuja, akalichunguza tundu kwa muda mrefu. "Limechanika upande wa kulia. Tunarudi kwenye kibua chembamba. Mwezi mzima. Pilipili marufuku, ugali wa moto marufuku, uji upoe ndipo unywe."

"Nwezi?" Chiyaka akalia.

"Mwezi. Ukileta haraka tena, miwili."

Mwezi huo Nantova alimchunga binti kuliko alivyowachunga wageni siku ile mlangoni. Kila asubuhi alimwinua kidevu, akakipima kibua kwa jicho. Chiyaka akikawia chooni, mama alikohoa nje ya ua.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bibi Nahimba alileta ndonya ya mpingo, ndogo kama harage, akaipachika. Nantova ndiye aliyemshika binti kichwa. Ndonya ilikaa, lakini ililalia kulia.

"Imeinama," Chiyaka alisema, akijitazama.

"Imeinama, ndiyo," bibi akajibu. "Hivyo ndivyo itakavyokaa, hata tukiweka kubwa. Ulitaka mwenyewe."

Chiyaka akaigusa kwa ncha ya kidole, akasimama, akatoka mbio kwenda kumwonyesha Namosha. Nantova akamfuata hatua kumi nyuma. Alikuwa hajamwamini bado.