Mlango wa Nyuma wa Ghala la Dawa

Kwa miaka tisa alikuwa mshauri elekezi, na kazi hiyo aliiweza. Leo yuko kiwandani, mwezi ujao chuoni, mwezi unaofuata kwenye wizara. Akifika anahoji watu, anachora michoro, anaandika ripoti nene ya mapendekezo, anakabidhi, anapigiwa makofi, anaondoka. Kama ushauri wake ulizaa matunda au uliliwa na mende kabatini, hakupata kujua. Hilo ndilo lililoanza kumkera.

Kwa hiyo hospitali moja kubwa ilipotangaza nafasi ya mkaguzi wa ndani, ajira ya kudumu, aliomba. Mumewe, fundi umeme asiyeisha utani, alikuna kichwa.

"Mama watoto, wewe ukae sehemu moja? Si utaota mizizi?"

"Ndiyo ninayoitaka hiyo mizizi. Nimechoka kuwa mgeni kila mahali."

"Lakini wakaguzi hawapendwi."

"Umenipenda wewe, inatosha."

Kwenye usaili hakuficha kitu. Aliwaambia kwamba miaka sita nyuma aliwahi kushauri hospitali hiyohiyo kwa wiki tatu, idara kumi na moja kwa mpigo. Wakamchukua.

Mwezi wa pili alipangiwa ghala la dawa. Alifika saa nne asubuhi, akakuta ukumbi wa kupokelea mizigo umejaa maboksi mpaka ukutani: mashuka, glovu, bendeji, na katikati yake maboksi meupe ya chanjo yanayotakiwa kukaa kwenye baridi. Akatoa kipimajoto, akakibandika kwenye boksi moja. Nyuzi ishirini na tatu.

"Hizi zimekaa hapa tangu lini?" akamuuliza mtunza ghala, mtu wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Tangu saa mbili, dada. Zinangoja foleni. Mlango ni mmoja, leja ni moja, kila kitu kipite kwa zamu."

"Na ule mlango wa nyuma, karibu na majokofu?"

Mtunza ghala akacheka kwa uchungu. "Ule ulipigwa misumari. Walikuja wataalamu hapa, viatu vinang'aa kama kioo, wakasema milango miwili inaleta upotevu. Wakala chai yetu, wakaenda zao. Mimi na hizi chanjo tukabaki."

Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mkaguzi akasoma mstari wa kwanza, kisha akaurudia. Yalikuwa maneno yake. Ukurasa mmoja kati ya mia mbili, aliouandika bila hata kuuliza majokofu yako upande gani.

Angeweza kunyamaza. Mtunza ghala hakumkumbuka hata kidogo.

"Kaka," akasema, "mwenye viatu vinavyong'aa ndiye mimi."

Mtunza ghala akavua miwani, akamtazama, akaivaa tena. "Basi ile chai unadaiwa," akasema, na wote wawili wakaangua kicheko.

Kabla ya saa sita alikuwa mbele ya mkaguzi mkuu, mama mkimya asiyependa maneno mengi. Akamweleza yote.

"Hoja hii ya ukaguzi huwezi kuisaini," mkaguzi mkuu akasema. "Utakuwa unajikagua. Mkaguzi mwenzako ataisaini. Wewe andika maelezo yako kama shahidi."

"Na jina langu liwemo?"

"Litakuwemo."

Akaandika bila kuzungusha: pendekezo lilikuwa langu, na lilikuwa na kosa. Alitarajia aibu, lakini alipokabidhi karatasi alijikuta anatembea kifua mbele. Zile chanjo zilipelekwa kupimwa siku hiyohiyo, na mwenzake akapendekeza mlango wa nyuma ufunguliwe kwa vitu vya baridi, uwe na leja yake.

Miezi mitatu baadaye akarudi ghalani na mwenzake huyo kufuatilia. Misumari ilikuwa imeng'olewa. Akasimama na saa mkononi: kutoka kwenye gari mpaka ndani ya jokofu, dakika kumi na tisa. Akataka kushangilia. Kisha akapekua leja, akaona wiki nzima haijaandikwa kitu.

"Nilikuwa likizo," mtunza ghala akasema. "Ufunguo wa mlango ule ninao mimi peke yangu."

"Kwa hiyo chanjo zilirudi ukumbini."

"Siku mbili tatu tu, dada."

"Hoja haifungwi," mwenzake akasema, akiandika.

Mtunza ghala akamgeukia yeye. "Dada, nitetee! Wewe ulikosea ukasamehewa, mimi ufunguo tu!"

"Mimi sikusamehewa, kaka. Niliandikwa. Chonga ufunguo wa pili, umpe msaidizi wako, na akusainie anapoupokea."

Mtunza ghala akaguna, lakini mkono tayari ulikuwa mfukoni ukitafuta ufunguo. "Sasa mtarudi lini? Baada ya miaka sita?"

"Kesho asubuhi," akasema. "Ofisi yangu iko hapo juu."