Mstari Uliotoka Motoni

Picha ile haikuwa na mtu, ndiyo maana Marlene alithubutu kumletea mama yake mkubwa. Aliilaza juu ya meza barazani, akakaa kusubiri, huku mbwa wakigombania kivuli miguuni pake. Chini palikuwa na mchanga na moto wa kambi. Juu, mto wa nyota, na yule emu mweusi wa mbinguni, ndege kama mbuni anayechorwa na giza lililo kati ya nyota, amejilaza katikati yake.

Tangu mume wa huyo mama mkubwa, Mama Dulcie, azikwe, jina lake halikutamkwa tena pale kijijini, kama ilivyo desturi yao kwa marehemu. Picha zake zilifungiwa sandukuni, nyumba ikafukizwa moshi, na wanawake wakazifagia nyayo zake kwa matawi ya mshita hadi mchanga ukatulia. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka Marlene jangwani kupiga picha, akimwashia moto na kumtania kwamba nyota hazina haraka. Picha hii ilitoka katika safari yao ya mwisho, na Marlene hakuwahi kupiga iliyo nzuri kama hiyo. Jumba moja la sanaa mjini Alice Springs liliitaka kwa maonyesho ya kwanza ya Marlene. Bila ridhaa ya mjane, haiendi.

"Emu gani huyu amekonda hivi?" Mama Dulcie alisema. "Hamkumlisha?"

"Ndivyo alivyo, Mama. Mimi nimepiga tu."

Mama Dulcie akacheka, kisha kicheko kikakatika. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye mstari mwembamba wa mwanga uliotoka motoni, ukakata mchanga, ukaishia njiani.

"Na huyu?"

"Hamna mtu hapo. Ni tochi. Kamera ikiachwa wazi muda mrefu, anayetembea gizani haonekani, ila taa yake inachora."

"Sikukuuliza habari za kamera. Tazama. Unapanda, unazama. Unapanda, unazama. Goti la kushoto hilo, lile alilovunjwa na farasi."

Marlene akainama. Kwa miezi mitano alikuwa ameupenda mstari ule kwa jinsi ulivyoyumba, na hata siku moja hakuusoma. Yeye, mtoto wa watu wanaomjua mtu kwa unyayo wake kabla hawajamwona uso! Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nisamehe, Mama. Naweza kuufuta kwenye kompyuta. Kama mlivyofagia."

"Ngoja, una haraka gani?" Mama Dulcie aliivuta picha karibu. Machozi yalimtiririka, lakini macho yenyewe hayakuacha kuchunguza. "Alikuwa anakwenda wapi?"

"Garini. Nilikuwa natetemeka, akaenda kunichukulia blanketi."

"Mbona kaishia hapa?"

"Kamera ilijifunga."

"Kabla hajafika?"

"Kabla hajafika. Lakini alifika, Mama. Alirudi na blanketi, akanisema kwamba nimekuja jangwani na shati la kwendea dukani."

"Ndiye huyo!" Mama Dulcie alijifuta mashavu kwa upindo wa sketi. "Sasa utamfagiaje mtu ambaye hajafika?"

Kumbe picha ilikuwa na mtu, na picha ya marehemu haionyeshwi. Alipiga simu mjini, akawaambia picha hawaipati. Ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba haikumuuma. Picha ikaingia sandukuni pamoja na nyingine, naye akadhani yameisha.

Kesho yake alimkuta mama yake mkubwa ameketi kwenye gari, mkate uliookwa majivuni umefungwa kwa kitambaa mapajani, na tawi bichi la mshita limelala miguuni.

"Nipeleke," alisema. "Na kamera yako."

Walifika jua likizama. Marlene aliegesha pale gari lilipokuwa usiku ule wa picha, akawasha moto pale pale ulipowaka. Mama Dulcie aliuliza mstari uliishia wapi, akaonyeshwa. Giza lilipokolea akasimama hapo, mkono mmoja tochi, mkono wa pili tawi.

"Wewe, usifunge mpaka niguse gari."

"Hata ukichelewa?"

"Hata nikichelewa. Nyota hazina haraka."

Marlene akaifungua kamera. Mwanga mdogo ukaondoka taratibu, na nyuma yake tawi likasikika likiburuzwa mchangani, likizifagia nyayo. Mwanga ulikwenda, ukasita kidogo, ukaendelea. Kisha kiganja kikagonga mlango wa gari, mara moja, kama mtu anayepiga hodi kwake mwenyewe.

Mstari ulikuwa umefika garini, na Marlene aliiacha kamera wazi kwa muda zaidi.