Mguu Nyuma ya Pazia

Mtaa mzima ulimwita Bwana Kucha, na aliyembandika jina hilo ni mama mkwe wake mwenyewe. Siku ya posa mama aliuliza kijana anafanya kazi gani, akaambiwa anatunza miguu ya wagonjwa wa kisukari kwenye kliniki. Mama akaguna. "Yaani binti nimemsomesha miaka yote ile aje aolewe na mkata kucha?" Ndoa ikafungwa, wajukuu wakazaliwa, jina likabaki palepale.

Bwana Kucha hakuwa na kinyongo. Kazi yake aliipenda, na mama mkwe, Mungu amsamehe, alimpenda pia. Ila mwaka huu mama alianza kuchechemea, naye alikuwa na kisukari cha miaka kumi na miwili. Kila alipoombwa aje kliniki alikuwa na jibu moja: "Miguu yangu haiumi. Na hata ingeuma, nimpakatishe mkwe wangu mguu? Aibu hiyo nitaipeleka wapi?"

Hilo neno "haiumi" ndilo lililomtisha Bwana Kucha. Alikwisha kuona miguu mingi isiyouma, na wenyewe wakarudi nyumbani na mmoja.

Mkewe, aliyerithi ulimi wa mama yake, ndiye aliyeumaliza ubishi. Mama atakuja, lakini pazia livutwe. Asimwone mkwe, mkwe asimwone. Na humo ndani kusiwe na mkwe wala mama mkwe, kuwe na daktari na mgonjwa basi.

Alhamisi asubuhi, miguu miwili ikachomoza chini ya pazia la kijani, ikatua kwenye kigoda chenye taulo. Vidole vya mwisho vilipinda kwa ndani sawasawa na vya mkewe. Bwana Kucha akauma midomo asicheke.

"Karibu, mama. Hujambo?"

"Sijambo, daktari. Fanya upesi, nina mkwe anafanya kazi hapahapa, sitaki anikute."

"Mkwe mwenyewe yukoje?"

"Mpole. Mpole kupita kiasi. Mtu ukimchokoza anatakiwa akujibu, nawe upate raha ya ugomvi. Yule anacheka tu, utadhani nimemsifu."

Kwenye benchi la foleni watu wakaanza kukohoa kwa zamu.

Bwana Kucha akatoa kiuzi chake cha nailoni, kile cha kupimia kama ngozi bado inahisi. "Nitakugusa hapa na pale. Ukihisi, sema naam." Daftari la mama, la zahanati alikochukulia dawa, lilionyesha kwamba kipimo hiki alikifaulu kila mwaka bila kosa hata moja.

Akagusa kisigino. "Naam." Akagusa kidole gumba. Kimya, kisha, kwa kuchelewa, "Naam." Akagusa karibu na kidole cha mwisho. "Naam."

Shaka ikamwingia. Akainua mkono, akautuliza hewani bila kugusa kitu.

"Naam," alisema mama.

Akangoja.

"Naam. Naam."

Kumbe miaka yote hiyo mama alikuwa akichungulia mkono wa muuguzi! Leo pazia alilolidai mwenyewe limemziba macho, na ukweli umebaki peke yake kwenye kigoda.

Akageuza mguu wa kulia. Chini ya vidole palikuwa na sugu nene yenye doa jeusi katikati. Akaikwangua taratibu kwa wembe wake wa kazi, tabaka kwa tabaka, hadi akakikuta kidonda, kidogo kama punje ya mahindi, kibichi. Kisha, kama afanyavyo kwa kila mgonjwa, akatia mkono ndani ya kiatu alichokivua mama. Kidole kikagonga kitu kigumu. Hereni. Hereni aliyomnunulia mkewe walipopata mtoto wa kwanza! Miezi miwili walikuwa wameipindua nyumba juu chini wakiitafuta. Bila shaka watoto waliitumbukiza humo kwa bibi yao; hao hawaachi kitu.

"Mama," alisema, "zile naam tatu za mwisho, mkono wangu ulikuwa hewani. Sikukugusa." Akapitisha hereni chini ya pazia. "Na hii umekuwa ukiikanyaga mpaka imekutoboa."

Foleni ikaacha kukohoa.

"Hii ni ya mwanangu," mama alisema polepole. "Ilipopotea nilimsema mumewe, kwamba hajui kununua vitu vinavyofunga." Akaifumbata hereni kiganjani. "Nitakatwa?"

Bwana Kucha alitamani kusema hapana, lakini hakuwa na mazoea ya kudanganya wagonjwa. "Kidonda ni kichanga, hakijafika mfupani. Ukija kila wiki, ukavaa kiatu nitakachokupa ili usikanyagie hapa, nategemea utazikwa na miguu yako yote miwili. Lakini ukiendelea kunidanganya, siahidi."

"Na nyumbani nani atakuwa ananikagua?"

"Mkweo, kama hutaona aibu."

Pete za pazia zikalia juu ya chuma. Mama alilivuta mwenyewe, kwa nguvu, macho yamemlowa, hereni imo kiganjani.

"Sogea hapa, mwanangu," alisema. "Nionyeshe hicho kidonda."

Kilichukua wiki tisa kufunga. Siku ya kipimo cha mwisho Bwana Kucha alishika pazia, mama akampiga kikofi mkononi. "Liache. Nina kope, nitafumba."

Akafumba kweli. Bwana Kucha akagusa kisigino, mama akaitika. Akagusa chini ya vidole, juu ya ngozi mpya. Mama akakaa kimya, uso umekunjamana kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali.

"Umenigusa?"

"Nimekugusa, mama."

"Sikuhisi kitu," alisema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Andika hivyohivyo, Bwana Kucha."

Kisha akavuta kiatu chake, akatia mkono ndani hadi kwenye ncha, akapapasa kila pembe, ndipo akavaa.