Herufi Ubavuni mwa Mwamba wa Chanuo

Chwaaa. Sauti ilimfikia Orpha kabla hajauzunguka mwamba: chwaaa, kama samaki mbichi aliyetumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Akajua kuna mtu amewasha moto, na moto pale ni marufuku. Kibao kilisema hivyo, na mlinzi wa kibao hicho alikuwa baba yake mwenyewe, mzee Mathieu, mtu aliyefukuza hata mbuzi.

Mwamba wa Chanuo umesimama porini upande wa Kakontwe, chokaa tupu, urefu wa nyumba mbili. Mvua ndiyo fundi wake. Tone kwa tone iliukata meno kichwani na mifereji ubavuni, myembamba, ya kupita kidole kimoja. Watu wa Likasi, huku Kongo, tunachimba kila kinachochimbika. Huu peke yake tuliuacha, ukawekewa sheria.

Orpha alizunguka. Moto haukuwapo. Baba yake alikuwa amevaa glavu na buti zake za kiwandani, bidoni, lile dumu la njano, mkononi, na mbele yake ubavu wa mwamba ulikuwa unachemka. Povu lilishuka kama maziwa yaliyofurika sufuriani.

"Baba, weye iko unamwanga nini?"

"Acide. Simama kule, mama, usivute ile moshi."

Miaka ishirini na sita Mathieu alifanya kazi penye asidi ya kutolea shaba. Kwake hakukuwa na uchafu wa kuishinda: kutu, saruji kwenye karo, choo cha jirani, yote ni asidi.

"Baba, hii ni chokaa. Acide inakula chokaa."

Mzee alitazama bidoni, kisha mwamba. "Niliweka mayi mingi ndani," alisema polepole. "Nilifikiri itakula kaka ile maandiko, ile tu."

Maandiko. Orpha alinyakua galoni la maji ya kunywa la baba yake, akalimwaga lote ukutani. Povu likaondoka, na hapo akaona.

ORPHA NA CARLOS.

Jumatatu ya Pasaka aliyaandika yeye, akicheka, kwa grisi nyeusi ya mnyororo wa pikipiki ya Carlos, mchumba wake. Asidi haikuigusa grisi. Ilikula jiwe lote la pembeni, ikaifuta mifereji, ukuta ukawa laini kama ugali uliopitishwa mwiko. Herufi peke yake zilibaki zimeinuka, nene kama ukucha. Hata kipofu angezisoma kwa kidole.

Kazi ya mvua ya tangu na tangu, imekwenda kwa bidoni moja.

"Nani alikuambia ni minye?" aliuliza Orpha, akijionyesha kwa kidole.

"Nani aniambie? Ni minye njo nilikufundisha kuandika. Ile R yako iko na mukia ya panya tangu uko mutoto." Mathieu alijaribu kucheka, akashindwa. "Komite ya kulinda mwamba banakuya samedi, jumamosi hii. Nikasema nifute mbele, basijue ni mutoto ya sentinelle, ya mulinzi."

"Na sasa?"

"Sasa nitasema ni minye. Acide ni yangu, hapana?"

"Batakufukuza, baba."

"Banifukuze. Minye nimezeeka. Weye iko na ndoa mwezi wa nane. Mutu hawezi kuingia kwa bakwe na jina ya namna hii."

Alivua glavu moja, akanyoosha kidole hadi karibu na jiwe, akakirudisha bila kugusa. Miaka kumi alikuwa akiwaambia wageni wasiguse.

Kidole kile ndicho kilichomvunja Orpha. Alichukua bidoni kutoka kwa baba yake, akalifunga kifuniko kwa nguvu, akaliweka chini.

"Baba, niangalie. Samedi, mbele ya komite yote, ni mudomo yangu njo itaongea. Graisse ni yangu, R ni yangu. Na Carlos atasimama pembeni yangu. Akikataa, basi ndoa hakuna. Weye hautabeba ile maneno. Nakuapia, baba."