Foleni Mbele ya Benki

Mimi, Lyman Oakes, mwanafunzi wa bweni na bingwa wa uchumi, nautangazia ulimwengu chanzo halisi cha kuanguka kwa benki. Katika mtihani uliopita nilipata alama kumi na tisa kwa mia, mbili zikiwa za mwandiko.

Mwalimu Peck alitufundisha kwamba watu walianza kununuliana vitu kwa kauri na chumvi, wakaja kwenye sarafu za fedha, na sasa wanatumia karatasi yenye ahadi. Benki haikai na pesa zako, imeshawakopesha wengine. Mkija wote siku moja kuzidai, hazipo.

Wote walikuja Jumanne moja ya Novemba 1931, katika mji wetu mdogo wa Ohio. Foleni ilifika hadi kwa muuza nyama. Kufika adhuhuri, meneja Garrett alifunga mlango, na Bi Zofia, dobi wa shule yetu, alikuwa amebakiza watu watano tu kufika dirishani. Ndani mlikuwa na dola zake tisini, akiba ya miaka saba ya kufua mashuka ya watoto wa wenye nacho. Zilikuwa za mguu wa bandia wa mwanawe, Staszek, aliyekatwa mguu na mashine kiwandani.

Jioni nilimfuata chumba cha kufulia, damu ikinichemka.

"Garrett ni mwizi! Mwizi aliyevaa tai!"

"Punguza sauti, kijana. Mashuka hayajakukosea."

"Shemeji yake katokea mlango wa nyuma, mkoba umevimba kama shavu la mwenye jino bovu! Nimemwona!"

"Na mimi nimemwona." Alikandamiza pasi kana kwamba chini yake kuna shingo ya mtu. "Fundi wa Cleveland kasema mwisho Jumamosi. Nisipolipa, mguu anauchonga upya, anampa mwingine. Mwanangu ataendelea kuruka kama kunguru."

Nililipiga teke beseni. Liliniumiza, nikazidi kukasirika.

"Na ninyi watu wazima mna akili gani? Mmeona watu wanne wamesimama mlangoni, mji mzima mkatoka mbio!"

Pasi ilisimama.

"Wanne?"

"Nimesikia hivyo."

"Mimi nilifika alfajiri, nikakuta arobaini. Hao wanne aliwahesabu nani?"

"Watu wanasema..."

"Lyman. Shuka linaungua. Sema upesi."

Nilitafuta uongo mzuri. Kwa kawaida ninao wa kutosha, hata wa kuwagawia wenzangu. Siku ile sikuwa na hata mmoja.

Hao wanne tulikuwa mimi, Wendell na pacha wawili wa bweni la pili. Tulitoroka kabla hakujapambazuka, tukajipanga mlangoni pa benki na masanduku matupu na nyuso za wafiwa. Muuza maziwa alipouliza kulikoni, nilimjibu kwa huzuni kubwa, "Wahi, mzee, kabla hazijaisha." Aliacha maziwa yake barabarani. Tulicheka hadi kengele ya sala.

"Garrett bado ni mwizi," nilisema. "Lakini foleni ni yangu, mama. Niliianzisha mimi."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinyoosha kidole kuelekea uani, ambako Staszek alikuwa akipasua kuni, kaegemea ukuta.

"Usiniambie mimi. Kamwambie yeye."

Nikaenda, nikamwambia.